X kwenye Ukuta wa Mama Kochi

Ukitaka kumjua anayejenga bila kibali, usihangaike kwenda manispaa. Tazama mchanga wake. Mwenye kibali humwaga mchanga katikati ya njia, magari yapinde yenyewe, na kando yake husimika ubao wenye namba ili kila mpita njia asome. Asiye na kibali huuficha mchanga nyuma ya geti, huufunika kwa pazia kuukuu, na kila asubuhi hutoka kuuchungulia kama mtu aliyelaza mgonjwa. Elimu hii haifundishwi chuo chochote, lakini Injinia alikuwa nayo, na ilikuwa imemlisha miaka sita.

Injinia hakuwa injinia. Jina hilo lilitoka kwenye kofia yake, kofia ngumu nyeupe ya mtumba, aliyoinunua siku moja na kizibao cha kung'aa na jalada la kahawia. Ndani ya jalada mlikuwa na kalenda ya mwaka juzi na orodha ya bei za saluni moja iliyokwisha kufungwa. Hakuna aliyewahi kumwomba alifungue. Watu wakiona jalada kwapani mwa mtu mwenye kofia ngumu, kinachofunguka ni pochi.

Utaratibu wake ulikuwa wa heshima zake. Jumatatu, saa nne asubuhi, wenye nyumba wakiwa makazini, alipita na kopo la rangi nyekundu na brashi, akapiga alama ya X kwenye ukuta wa jengo bichi, na chini yake akaandika SIMAMISHA. Alifanya hivyo mchana kweupe na bila kumsalimu mtu, maana aliamini kwamba kutosalimia ndiko kunakomtofautisha mtumishi wa umma na mwizi. Jumatano alirudi na tai shingoni, bila brashi, akasimama mbele ya ile X kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, akatikisa kichwa kwa huzuni, kisha akakubali kusaidia.

Waliosaidiwa hawakwenda kokote kulalamika. Mtu anayejenga bila kibali hawezi kuingia manispaa kuuliza nani kamwekea X, kwa sababu swali la kwanza atakaloulizwa ni kibali kiko wapi. Injinia hakuubuni mpango huo. Aliukuta hivyo hivyo, akaushukuru, akaanza kazi.

Jumatatu ya mkasa huu aliona, chini ya geti moja la bluu, ncha ya pazia lenye maua ya zambarau. Akainama kama anayefunga kamba za viatu. Mchanga ulikuwapo, matofali yalikuwapo, na ubavuni mwa nyumba ulisimama ukuta uliofika kwenye linta, wenye mlango mpana wa kupitisha gari. Chumba cha kulala hakihitaji mlango wa namba hiyo. Hii ilikuwa karakana, na moyo wa Injinia ukachangamka, kwa sababu karakana ina utamu kuliko chumba. Anayejenga karakana nyumbani ana wateja wanaomsubiri, na mwenye wateja wanaomsubiri hana muda wa kuuliza maswali.

Akapiga X kubwa, ya ukarimu. Rangi yake ilikuwa ya mafuta, ya kung'aa, ya duka la maana. Katika mambo mengine aliweza kubana matumizi, lakini si kwenye rangi. Mvua ikinyesha Jumanne, X iliyochuruzika haimtishi mtu.

Jumatano alimkuta mwenyewe. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mnene, vidole vyake vina plasta tano, na sindano ndefu iliyopinda imechomekwa kwenye kilemba. Mtaa mzima ulimwita Mama Kochi kwa sababu ya kazi yake: alitengeneza makochi mapya na kuyavalisha upya ya zamani. Alimkaribisha Injinia sebuleni, na kumkaribisha kulichukua muda, maana sebule yenyewe ilikuwa haipitiki. Sponji zilifika darini. Fremu za mbao zilipangwa hadi mlango wa jikoni. Mama Kochi alieleza kwamba mumewe analala kwenye kochi la mteja, na kila mteja akipiga simu kuulizia, mzee huamka na kukung'uta mto.

Habari ilikuwa fupi na ya kusikitisha. Duka alilopanga kwa miaka kumi na minne lilikuwa limeuzwa kwa muuza simu, na mwisho wa mwezi ujao alitakiwa awe ametoka. Kituo kimoja cha macho kilikuwa kimeagiza viti ishirini vya kukalia wagonjwa, na bila pa kuvitengenezea, kazi ingekwenda kwa mwingine. Akiba yake yote ilikuwa kwenye yale matofali.

"Kibali nilikuwa nakifuata, baba," alisema, akatoa bahasha kifuani. "Pesa yake nimeitenga, hii hapa. Nilisema nipandishe ukuta kwanza, nisije nikala ya matofali."

Injinia aliitazama bahasha kwa macho ya daktari. Akaeleza kwamba ile X si ya mchezo, ni ya siku kumi na nne, na zikiisha linakuja tingatinga. Lakini yeye anawajua watu wa pale ndani. Kuna ada ya kufungua faili, kuna ada ya kuliamsha faili, kuna ya mkaguzi, na mengine yatajulikana huko mbele.

"Faili linalala?" Mama Kochi aliuliza.

"Mama yangu, ya pale hayaamki bila kuguswa bega."

Alimpa. Aliishikilia bahasha kidogo hata baada ya Injinia kuishika, wakawa wameishika wote wawili, kisha akaiachia na kuangalia pembeni. Injinia, kwa taarifa yenu, hakuona haya. Aliwahi kuona haya mara moja, mwaka wa kwanza wa kazi, na ikapita yenyewe kama mafua.

Ndipo mume alipotokea uani, taulo begani, mzee mwembamba mwenye masikio makubwa. Mama Kochi alimtambulisha kwamba amestaafu, alikuwa na kazi zake za nje, za juani. Mzee alisikiliza habari yote kuanzia mwanzo, akatoka, akaenda kusimama mbele ya X. Alikaa pale muda mrefu. Aliigusa kwa dole gumba, akalinusa dole, akasogea kulia, akasogea kushoto.

"Rangi ya mafuta hii," alisema.

"Serikali haibahatishi, mzee," Injinia akamjibu.

"Kweli. Nzuri sana."

Akaingia ndani. Injinia alimhurumia. Jua kali la miaka mingi huwa halimwachi mtu salama, alijisemea, akaondoka na bahasha.

Wiki iliyofuata aliwapiga kalenda kwa simu. Mara faili liko mezani, mara mwenye mhuri amefiwa, mara mhuri upo ila wino umekwisha. Jumatano ya pili alikwenda mwenyewe kuchukua ile ada ya mkaguzi, na alipofika getini alisimama ghafla akashindwa kupiga hodi.

Chini ya X yake palikuwa na maandishi ambayo hakuyaandika yeye. Palikuwa na namba, 47/B. Palikuwa na mshale unaoelekea barabarani, kisha M 15, kisha tarehe. Rangi ilikuwa nyekundu iliyofifia, ya kimaskini, lakini herufi zilinyooka kama zimechapwa, na ile saba ilikuwa na mkia mdogo uliokunjwa kwa ndani. Neno lake, SIMAMISHA, lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja. Na ni nani anayeweza kulikata neno la serikali isipokuwa serikali?

Akayasoma tena kuanzia juu. X yake, mtoto wa mkono wake, ilikuwa imechukuliwa na watu wenye mamlaka.

Mama Kochi alitoka mikono kichwani. Alisema jana walikuja watu wenye futi kamba, mmoja akipima, mwingine akiandika. Walimwuliza nani amepiga ile X, akawaambia si ninyi wenyewe, wakatazamana, wakaandika namba. Barabara itapanuliwa, walisema. Kila jengo lenye namba litalipwa fidia kwa ukubwa wake na ubora wake, na la biashara litahesabiwa mara mbili, lakini lisilo na kibali halipati hata senti. Malipo ni baada ya mwaka hivi.

"Mimi fidia ya mwakani sitaki kuisikia," alisema. "Nataka pa kushonea mwezi ujao. Nifutie hii X leo, Injinia. Nitaongeza chochote."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, Injinia alikataa pesa ya kufuta X. Alisema suala hili ni zito, anaomba siku moja.

Hakuwa mjinga, tafadhali msimfikirie vibaya. Alikwenda kuhakikisha. Siku hiyo hiyo alipanda hadi manispaa, mahali alipopajua ngazi zake tu, akasogelea dirisha la kwanza aliloliona halina foleni, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna barabara inayopanuliwa upande wa kule.

"Habari za barabara haziko dirisha hili," karani alisema bila kuinua kichwa.

"Ziko dirisha lipi?"

Karani akainua kichwa. "Nani kakutuma uulize?"

Injinia alishukuru akaondoka karibu anakimbia. Miaka sita ya kuzurura kwenye ngazi zile ilikuwa imemfundisha kwamba ofisi isiyo na kitu husema hakuna kitu, na ofisi yenye kitu huuliza nani kakutuma. Barabara ilikuwapo. Usiku ule hakulala. Alihesabu mita za mraba, akazizidisha mara mbili kwa sababu ya biashara, mkewe akamwambia ahesabie kwenye kiti.

Asubuhi alimpelekea Mama Kochi pendekezo lake. Barabara haipingwi, alisema, na X ikishapewa namba hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuifuta. Lakini kuna namna ya kila mtu kupata. Yeye Injinia atagharamia kibali cha kweli, chenye risiti, na ataimalizia karakana. Mama ataitumia mwaka mzima bure, atengeneze viti vya wagonjwa, ajikusanye, atafute pengine. Fidia itakapokuja, itakuwa ya Injinia.

Mama Kochi alisitasita siku tatu. Alisema hajui mambo ya karatasi, anaogopa, kuna binamu yake aliwahi kusaini kitu akapoteza ng'ombe. Mwishowe alikubali kwa masharti. Mabati yawe mazito, maana mvua ikipiga mabati membamba hasikii cherehani. Sakafu iwe ya zege. Madirisha yawe makubwa kwa ajili ya harufu ya gundi. Injinia alikubali moja baada ya jingine, kwa sababu kila sharti lilikuwa linanenepesha fidia yake. Yeye ndiye aliyedai lipu ndani na nje.

"Dari ya nini tena, Injinia? Utaumia," Mama Kochi alimwambia.

"Mama, wewe acha tuweke dari."

Jambo la mwisho, mama alisema, kwa kuwa sasa kibali unalipia wewe, bahasha yangu si uirudishe. Injinia aliirudisha. Kwa mtu anayesubiri fidia ya jengo la biashara, bahasha ile ilikuwa nauli. Mkataba aliuandika mzee mwenyewe, taratibu, kwa kalamu ya wino, na Injinia alishangaa jinsi mwandiko wa yule mtu wa juani ulivyokuwa mzuri, wa kufaa kadi za harusi. Walitia saini juu ya kochi la mteja.

Hapo ndipo Injinia alipoanza kujifunza kazi aliyokuwa akiifanya miaka sita.

Vibali vya ujenzi vilikuwa dirisha namba tatu. Alikwenda saa mbili kamili akidhani saa tatu atakuwa amemaliza. Karani wa dirisha hilo, dada mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimpa orodha. Nakala ya hati ya kiwanja. Michoro minne iliyogongwa mhuri na mchoraji aliyesajiliwa, si shemeji yako anayejua kuchora. Saini za majirani wa pande tatu. Barua ya zimamoto, kwa kuwa sponji na gundi vinashika moto. Ada ya maombi, ada ya ukaguzi, ada ya taka za ujenzi, na zote zinalipwa benki, halafu risiti zinaletwa hapa, dirisha namba tatu, na si namba nne.

"Hakuna njia ya mkato?" Injinia aliuliza, na aliposikia sauti yake mwenyewe ikiuliza swali lile alihisi kizunguzungu.

"Ipo," dada akasema. "Kuwahi foleni."

Mchoraji alidai malipo kabla ya kushika penseli. Michoro ilirudishwa kwa kukosa choo, ikarekebishwa kwa malipo mengine, ikarudishwa kwa sababu choo kilikuwa kinafungukia kwa jirani. Jirani wa kushoto alikataa kutia saini, akasema mlio wa stapla utamsumbua, mpaka viti vyake sita vya mezani vilipovalishwa upya kwa gharama ya Injinia. Afisa wa zimamoto aliizunguka karakana mara mbili, akapiga ukuta konzi, akasema chumba chenye sponji hakiwezi kuwa na mlango mmoja. Fundi mwashi akabomoa alichojenga juzi, akaweka mlango wa pili, akalipwa kwa kujenga na kwa kubomoa. Injinia aliuza pikipiki. Aliuza na friji, akamwambia mkewe limepelekwa kutengenezwa.

Siku moja, akiwa wa kumi na saba kwenye foleni, alisogelewa na jamaa mmoja wa suti ya kijivu mwenye jalada kwapani.

"Kaka, mbona unajitesa?" jamaa alimnong'oneza. "Nipe ada ya faili tu, kesho nakuletea kitu chako mkononi."

Injinia alimtazama kuanzia viatu. Alikuwa amesimama pale tangu alfajiri, risiti zake tatu ziko mfukoni, za kweli zote, na kitu kama hasira ya haki kilimpanda.

"Wewe ndiye unayeiharibu nchi," alimwambia. Na alikuwa anamaanisha.

Fomu yenyewe ilikuwa na kurasa sita. Ukurasa wa mwisho uliuliza jina la mwakilishi wa mwombaji, anuani yake, na namba ya kiwanja anachoishi. Kwa desturi, Injinia akiulizwa anapoishi hutaja makaburini, hospitali au mtaa usiokuwapo. Lakini safari hii kulikuwa na barua ya fidia inayotakiwa kufika, na barua haipelekwi makaburini. Akaandika ukweli kwa herufi za kusomeka: jina lake la kuzaliwa, mtaa wake, na namba ya kiwanja kilichokuwa na nyumba aliyorithi kwa baba yake na vile vyumba vitatu vya wapangaji alivyovijenga nyuma mwaka jana. Dada wa miwani akaisoma, akaangalia kitu kwenye daftari lake, akaandika kitu pembeni, akagonga mhuri.

Kibali kilipotoka alikishika kwa mikono miwili. Vibali alivyokwisha kuwauzia watu havihesabiki, lakini hakuwahi kukiona kimoja. Kilikuwa chembamba kuliko alivyofikiri.

Karakana ilikamilika siku nne kabla ya Mama Kochi kutakiwa kutoka dukani. Ilikuwa na milango miwili, madirisha manne, dari, sakafu ya zege, na lipu safi pande zote isipokuwa mraba mmoja tu kwenye ukuta wa mbele, ambao Injinia aliwakataza mafundi kuugusa. Humo ndani ya mraba ilibaki X yake na ile 47/B. Kila alipofika aliiangalia kwanza kabla ya kusalimia. Mama Kochi alihamisha cherehani, meza ya kukatia, sponji na fremu. Mzee akarudi kulala kitandani. Viti ishirini vya wagonjwa vilianza kupata miguu, na Injinia, akiwa amekaa mkao wa kula, alihesabu miezi.

Wiki mbili baadaye alipita kuangalia mali yake. Alikuta ngazi imeegemezwa ukutani na mzee yuko juu yake, brashi mkononi, kofia ya karatasi kichwani. Ule mraba haukuwapo. Ukuta wote ulikuwa umepigwa lipu na chokaa, na juu ya weupe ule mzee alikuwa anamalizia maandishi ya bluu: TUNATENGENEZA MAKOCHI, TUNAVALISHA UPYA. Chini yake, kwa herufi ndogo zilizonyooka kama zimechapwa, aliandika namba ya kibali. Namba ilikuwa na saba mbili. Zote zilikuwa na mkia mdogo uliokunjwa kwa ndani.

Injinia alizitazama saba zile mpaka mzee alipomaliza na kushuka.

"Mzee," alisema polepole, "X iko wapi?"

"Nimeifuta. Imenitesa, mwanangu, rangi ile haitoki." Mzee alifuta brashi kwenye kitambaa, upande huu, kisha upande huu. "Mimi nimeandika X za manispaa miaka ishirini na minane. Na vibao vya mitaa, na namba za nyumba, lakini X ndizo nyingi. Hata siku moja hatukununuliwa rangi ya mafuta. Tulipewa unga mwekundu kwenye mfuko, tukachanganya na maji, mvua mbili imekwenda. Nilipoiona yako nikajua hii imelipiwa na mtu anayeipenda kazi yake."

Mama Kochi alikuwa amesimama mlangoni, sindano kwenye kilemba.

"Na wale wa futi kamba?" Injinia aliuliza, ingawa hakuhitaji tena jibu.

"Futi kamba ninazo nne," Mama Kochi alisema. "Nashona makochi, baba."

Injinia alifungua mdomo. Alitaka kusema atakwenda manispaa, atawashtaki, wataona. Kisha akaufunga, kwa sababu aliisikia tayari sauti ya dada wa miwani ikimwuliza swali la kwanza, kwamba hiyo X ya mwanzo, aliyeipiga ni nani. Miaka sita aliwaona watu wakifunga midomo namna ile mbele yake, na hakuwahi kujua kwamba inaacha ladha ya chuma.

"Mkataba wako uko palepale," Mama Kochi alimwambia, na hakuwa anacheka. "Barabara ikipita hapa, fidia ni yako yote, sigusi. Siku ile ulivyoivuta bahasha yangu, nilikaa jikoni nikalia mpaka chakula kikaungua. Nataka ulijue hilo. Sasa karibu ukae, unywe maji."

Alikaa. Walimkalisha kwenye kiti kimoja cha wagonjwa, kipya, na kilikuwa kiti kizuri. Alipokuwa anaondoka mama alimwambia akiwa na kochi bovu nyumbani alilete, atampunguzia bei.

Alirudi kwake kwa miguu, maana pikipiki haikuwapo. Njiani alianza kupata nafuu. Mjini hapakosi mchanga uliofunikwa mapazia, alijifariji, na kofia bado ilikuwa ngumu. Aliingia getini kwake, akazunguka nyuma kudai kodi ya wapangaji, akasimama.

Kwenye ukuta wa vile vyumba vitatu palikuwa na X. Nyekundu, imefifia, na namba chini yake, na tarehe ya leo.

Injinia alicheka kwa sauti mpaka mpangaji mmoja akachungulia. Kumbe mzee yule hatosheki, kamfuata mpaka nyumbani kumpiga changa la macho mara ya pili. Akasogea kuikagua kwa utaalamu wake mpya. Namba ilikuwa 117, na herufi zilikuwa zimepinda kila moja na njia yake. Mzee asingeandika hivi hata akiwa mgonjwa. Saba haikuwa na mkia. Akapitisha dole gumba juu ya rangi, na rangi ikamtoka ukutani ikabaki kidoleni, kavu, laini, unga mtupu.

Mkewe alikuja na beseni la nguo, akamkuta bado anakitazama kidole.

"Walikuja asubuhi wawili," alisema. "Wana karatasi ina mwandiko wako, na namba ya kiwanja. Wameuliza vyumba hivi vina kibali gani. Nikawakaribisha maji, wala hawakunisalimia."

Injinia aliifuta rangi kwenye suruali. Alilitoa jalada kwapani, akalifungua, akaitoa ile kalenda na orodha ya bei za saluni akamkabidhi mkewe azitupe. Lilipobaki tupu aliuliza hati ya kiwanja imewekwa wapi, na kama kuna mtu anayeweza kumwamsha saa kumi na moja, awahi foleni.